Samson wa Kampala

Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma utapita Mlowo, utapita Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kisha utaanza kuyakuta malori. Yamejipanga kando ya barabara, haya yakishuka na shaba ya Zambia na Kongo, yale yakipandisha mafuta na mbolea, na reli ya TAZARA inapita papo hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Mbele yako ni Nakonde, upande wa Zambia. Tangu Oktoba 2019 taratibu za mpakani zinafanyika katika kituo cha pamoja cha nchi mbili, lakini foleni haijakoma, na penye foleni ya malori pana madereva, matingo, gesti, baa, mama lishe na wabadilisha fedha.

UKIMWI ulipoenea, barabara za namna hii zilikuwa za kwanza kufuatwa na watu wa afya. Kati ya mwaka 1990 na 1993 AMREF iliwafundisha waelimishaji rika kwenye vituo vya malori vya barabara kuu za Tanzania, kwa ajili ya madereva na wanawake wanaokutana nao safarini. Elimu ya UKIMWI nchi nzima haikwenda peke yake. Ilikwenda na vikundi vya sanaa. Anayekumbuka miaka ile anaujua utaratibu. Ngoma inapigwa sokoni, watoto wanakimbilia mbele, wakubwa wanasogea kwa kujivuta kana kwamba walikuwa wanapita tu, kichekesho kinaanza. Wahusika ni wale wale: dereva mwenye hawara kila kituo, mke anayemsubiri nyumbani, mhudumu wa baa, mganga tapeli, nesi mwenye neno la mwisho. Watu wanacheka mpaka machozi, halafu mmoja anauliza hadharani swali ambalo nyumbani kwake asingethubutu kulitamka.

Mtu mmoja hakupewa nafasi katika maigizo hayo. Mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake, au mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake, akionekana jukwaani basi ni wa kuchekwa: anatembea kwa madaha, anabana sauti, anafukuzwa, pazia. Kwamba naye ana mama, ana kazi, ana hofu ya kufa, hayo hayakuwa ya kuchezwa. Igizo la Afrika Mashariki lililojaribu kumweka mtu huyo katikati ya jukwaa kama binadamu mzima, na likampeleka mtayarishaji wake gerezani, lilichezwa Kampala mwaka 2012. Kulieleza bila kwanza kupitia Malya ni kuanzia hadithi katikati.

Malya ipo Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda huko bila mswada wowote mkononi. Desturi ya wakati ule ilikuwa kinyume chake. Tangu Azimio la Arusha, jukwaa lilikuwa la kusifu na kuhimiza: ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa umbo na umaarufu, zilibeba siasa ya Ujamaa kutoka shuleni hadi kwenye sherehe za kitaifa, na msanii alipokea ujumbe kutoka juu akaushusha chini. Kundi la Malya liliugeuza mwelekeo huo. Walikaa na wanakijiji, wakauliza kinachowasumbua, wakasikia habari ya wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni na vijana wasio na kazi. Igizo likatungwa na wenyewe, kwa ngoma na michezo wanayoijua, likachezwa na wenyewe, na baada ya kuchezwa watu hawakupiga makofi na kwenda zao, walibaki wakajadili. Mlama aliyaandika mafunzo ya kazi hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1991, na mwaka 1996 yeye na Lihamba wakauchukua mtindo huo hadi shule za sekondari kupitia mradi wa Tuseme, ambamo wasichana waliigiza unyanyasaji wanaofanyiwa na walimu na wanafunzi wenzao.

Kanuni iliyotoka Malya ni nyepesi kuisema: mwenye jambo ndiye mchezaji. Ndiyo kanuni iliyofanya mtindo huu wa ukumbi wa jamii usiwe mkutano wa hadhara wenye ngoma. Lakini ndani yake mna sharti ambalo halikuandikwa, kwa kuwa Malya halikuhitajika: mwenye jambo awe anaweza kusimama mbele za watu, ajulikane ni nani, kisha alale nyumbani kwake salama. Msichana wa Malya alilala kwao. Kuna watu ambao sharti hilo linawatoa nje kabla mazoezi hayajaanza.

Serikali za ukanda wetu zilijua mapema kwamba hatari ya jukwaa haimo katika maneno peke yake. Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walianza kuicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ Oktoba 2, 1977. Ngũgĩ alikuwa ameshaandika riwaya kali kwa Kiingereza na hakuna aliyemgusa. Safari hii wanakijiji wenyewe walikuwa jukwaani wakisema kwa Kikuyu, na wengine kwa maelfu wakiwatazama. Wiki sita baadaye mkuu wa wilaya akafuta leseni ya mkusanyiko. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Kwetu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilikuwa tayari imeweka mchezo wa jukwaani chini ya kibali.

Kampala ilikuwa na kumbukumbu yake, nayo ni ya damu. Ukumbi wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1959, na ni humo Ngũgĩ, akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, alionyesha The Black Hermit mwaka 1962. Miaka 15 baadaye aliyekuwa akiuongoza ukumbi huo, Byron Kawadwa, alipeleka tamthilia ya Kiganda kwenye tamasha la sanaa la FESTAC huko Lagos. Aliporudi alichukuliwa na watu wa Idi Amin akauawa. Msanii wa Uganda akiambiwa kwamba igizo linaweza kumponza, haambiwi jambo geni.

Baada ya Amin kuondoka wasanii walipumua, vikundi vikafufuka, vichekesho vya Kiganda vikajaza kumbi. Mipaka ilibaki, ila ilihama kutoka siasa kwenda mwilini. Februari 2005 wanawake wa Kampala walipojiandaa kuonyesha The Vagina Monologues, kwa nia ya kuchangisha fedha za kuwasaidia wanawake wa vita ya kaskazini, Baraza la Vyombo vya Habari lilikataza onyesho hilo, na miongoni mwa sababu lilizotoa ni kwamba linapigia debe mapenzi ya jinsia moja.

Kisha hali ikazidi. Oktoba 2009 mbunge David Bahati alipeleka bungeni muswada dhidi ya ushoga uliotaka hata adhabu ya kifo. Mwaka mmoja baadaye gazeti dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone lilichapisha majina na picha za watu liliosema ni mashoga, likahimiza wanyongwe. David Kato, mwanaharakati ambaye picha yake iliwekwa mbele, alikwenda mahakamani pamoja na wenzake wawili wakalishinda gazeti hilo. Haukupita mwezi, Januari 26, 2011, akapigwa kichwani na kuuawa nyumbani kwake Mukono. Februari 2012 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, aliingia mwenyewe katika hoteli moja ya Entebbe na kuivunja warsha ya wanaharakati. Walikuwa wakifundishana kuendesha miradi na utetezi. Walishtaki, katikati ya mwaka 2014 Mahakama Kuu ikasema waziri hakukosea.

Miezi sita tu baada ya Entebbe, ndipo The River and the Mountain ilipopandishwa jukwaani.

Aliyeiandika ni Mwingereza, Beau Hopkins. Mtayarishaji, David Cecil, naye alikuwa Mwingereza aliyekuwa ameishi Kampala kwa miaka na kuendesha kituo cha utamaduni. Mwongozaji alikuwa Mganda, Angella Emurwon, mwandishi wa tamthilia anayefahamika pia kwa michezo yake ya redio, na waigizaji walikuwa Waganda. Mhusika mkuu, Samson, alichezwa na Okuya Joel Prynce. Nawataja kwa mpangilio huu kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo sharti la Malya lilipofanya kazi yake. Mapenzi ya jinsia moja yaliingia ukumbini Kampala kwa kalamu ya mgeni, maana mwenyeji mwenye jambo hilo alikuwa na kila sababu ya kutoandika jina lake kwenye tangazo. Wapinzani waliliona hilo upesi, wakalitumia: si tulisema haya ni mambo ya Wazungu?

Ila kisa chenyewe ni cha Kampala kweli kweli. Samson ni kijana mfanyabiashara ambaye mambo yamemnyookea. Ana marafiki, heshima inapanda. Siri yake inapofichuka, anayehangaika zaidi ni mama yake. Mama hamfukuzi mwanawe, anataka kumponya. Anamleta mchungaji. Anamleta mwanamke wa kumchezea ngoma ya faragha ili damu imchemke. Anamleta mganga wa kienyeji. Mtazamaji yeyote wa Afrika Mashariki anawajua watu hao watatu. Ni wale wale wa kichekesho cha sokoni, na hadhira ilicheka kama inavyocheka siku zote. Mwisho hauchekeshi. Wafanyakazi wake Samson, watu anaowalipa, wanamuua kwa mapanga.

Nimewahi kusikia hoja kwamba mwisho wa namna hiyo ni wa kukatisha tamaa: shoga lazima afe ndipo hadhira imhurumie. Hoja ina uzito, na katika filamu za Hollywood ni kweli kwa miongo mingi. Lakini weka igizo hili Agosti 2012, mwaka mmoja na nusu baada ya mauaji ya Mukono, muswada wa Bahati ukiwa umerudishwa bungeni. Kifo cha Samson kilikuwa habari ambayo watazamaji waliwahi kuisoma gazetini. Jipya lilikuwa kuwafanya wamcheke mama, wamhurumie mama, wamzoee Samson kwa saa nzima na zaidi, halafu waone nani ameshika panga. Mganda akimuua Mganda mwenzake. Wazungu hawakuwapo kwenye onyesho hilo.

Ukumbi wa Taifa ulikuwa umekusudiwa, ukakataa. Barua ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Agosti 16 ikawaagiza wasubiri mpaka mswada upitiwe na kibali kitolewe. Hawakusubiri. Igizo lilichezwa katika kumbi ndogo za jiji, mbele ya watu wachache ukilinganisha na wanaojaa kwenye vichekesho vya Jumapili. Lingeachwa huenda lingesahaulika kabla ya Krismasi.

Septemba 6 Cecil akakamatwa. Shtaka halikutaja ushoga, na ukilisoma unaweza kudhani ni ugomvi wa masijala: kukaidi agizo halali la mamlaka ya umma, adhabu isiyozidi miaka miwili. Alilala gereza la Luzira siku kadhaa kabla ya kupata dhamana. Waandishi, waigizaji na wakurugenzi wa kumbi za Uingereza na kwingineko walitia saini wakidai aachiwe, na bila shaka walisaidia, ingawa kelele zao zilithibitisha tena yale yaliyokuwa yakisemwa mitaani kuhusu Wazungu na mambo yao. Januari 2013 kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Ilionekana yamekwisha. Mwezi uliofuata akakamatwa upya, safari hii bila mahakama, akapandishwa ndege na kurudishwa Uingereza, familia yake ikabaki Kampala.

Mgeni aliondoka. Waganda walibaki na majina yao kwenye tangazo. Magazeti ya nje yaliandika sana habari ya Cecil, na kwa kiasi fulani ni haki, maana ndiye aliyefungwa. Lakini mwigizaji aliyesimama jioni baada ya jioni akawa Samson, katika mji ambao picha ya mtu gazetini ilikuwa imemtangulia kaburini, hakuwa na ubalozi wa kumpigia simu. Kucheza nafasi ile kulitosha watu kuanza kumuuliza mwigizaji maswali yaliyomhusu mhusika. Kwa miaka mingi tumewacheka watazamaji wa vijijini wanaomrushia mawe mwigizaji wa nafasi ya mchawi. Mjini nako hatukuwa tofauti sana.

Wengine walipita njia nyingine. Nairobi, kundi la sanaa la The Nest lilianza mwaka 2013 kukusanya simulizi za mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia katika sehemu mbalimbali za Kenya. Hii ni Malya tena: nenda, keti, sikiliza, mwenye jambo aseme. Lakini walioyasema hawakuwa na sharti la kuonekana. Simulizi zikageuzwa kuwa visa vitano, vikachezwa na waigizaji mbele ya kamera badala ya hadhara, na filamu iliyotoka, Stories of Our Lives, ikaonyeshwa Toronto Septemba 2014 huku watengenezaji wakiwa wamefikiria kwanza kuficha hata majina yao. Walipojitokeza, bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, na mtayarishaji George Gachara akakamatwa kwa kosa la kupiga filamu bila leseni. Kibali, tena. Miaka minne baadaye filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, nayo ikakatazwa, mpaka Jaji Wilfrida Okwany aliporuhusu ionyeshwe kwa siku 7 za Septemba 2018. Watu wazima wa Nairobi walipanga foleni wakajaza sinema. Siku ya nane marufuku ikarudi.

Filamu inaweza kusubiri sandukuni, igizo haliwezi. Ndiyo maana wenye jambo wengi wamekimbilia kamera, vitabu na mashairi, na ukumbi wa jamii, ambao unahitaji miili chumbani kwa wakati mmoja, umebaki nyuma. Kuna hasara hapo. Mtu akitazama filamu kwenye simu yake usiku, hana wa kumuuliza swali.

Tanzania mambo hayakufika hata kwenye igizo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tulikirithi kwa Waingereza. Sisi wenyewe, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, tukakiongezea ukali hadi kifungo cha miaka 30 mpaka maisha. Hata hivyo kwa miaka kadhaa huduma za UKIMWI zilikuwa zimefungua vituo ambako wanaume wanaojamiiana na wanaume waliweza kukaa, kupimwa na kuzungumza. Katika vyumba vya namna hiyo ndimo ukumbi wa jamii unamozaliwa. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku vilainishi; Februari 2017 ikasimamisha huduma katika vituo 40. Oktoba mwaka huo polisi wa Dar es Salaam waliwakamata watu 13 hotelini, wakiwemo mawakili waliokuwa wakijadili kufungua kesi juu ya uamuzi huo, na wakili Sibongile Ndashe wa Afrika Kusini na wenzake wa kigeni wakafukuzwa nchini. Mwaka uliofuata Mkuu wa Mkoa Paul Makonda akatangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wataje majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi. Waliohama nyumba wiki ile hawakungoja ufafanuzi.

Kuvuka kwenda Nakonde hakumwokoi mtu. Zambia ilirithi kanuni kutoka kwa mwalimu yule yule, na mwaka 2005 nayo ikaongeza adhabu: si chini ya miaka 15, hadi maisha. Mwaka 2013 mwanaharakati Paul Kasonkomona alizungumza kwenye televisheni mjini Lusaka akitaka mashoga watambuliwe haki zao, akakamatwa akitoka studio. Mahakama ilimwachia huru mwaka 2014, na Mahakama Kuu ikakubali mwaka uliofuata. Kwa hiyo walau kusema, upande ule, kumepata hakimu wa kukutetea. Mpaka wetu umepitisha shaba, mahindi, nyimbo na madhehebu mapya ya dini. Hukumu hiyo ingestahili kupita pia.

Tamthilia ambayo mwandishi wake ana asili ya Tanzania ipo, ila ilibidi iandikwe mbali. Nick Hadikwa Mwaluko, aliyezaliwa Tanzania na kukulia zaidi Kenya, ameandika Waafrika, kisa kilichowekwa katika kijiji cha Kenya mwaka 1992, nchi ikielekea uchaguzi wa vyama vingi. Awino, wa ukoo wa chifu, anampenda mgeni Mmarekani, na anataka ajulikane kijijini kwa jinsia anayojijua mwenyewe. Mwaluko hakukodi kalamu ya mtu. Ni mwandishi aliyebadili jinsia anayeandika habari za watu wa namna yake. Kanuni ya Malya imetimia, isipokuwa waliokaa kutazama walikuwa Wamarekani. Kijiji kimo jukwaani, hakimo ukumbini.

Nako Uganda, sheria ya Bahati ilisainiwa Februari 2014 na kufutwa na Mahakama ya Katiba Agosti mwaka huo kwa kuwa wabunge hawakutimia idadi ilipopitishwa. Mei 26, 2023 ikasainiwa nyingine, kali zaidi, na Aprili 2024 mahakama hiyo hiyo ikaiacha karibu yote isimame. Ina kifungu cha kukuza ushoga: hadi miaka 20 kwa mtu, na kwa taasisi faini kubwa au kusimamishwa leseni kwa miaka 10. Mwaka 2012 mwendesha mashtaka alilazimika kutafuta barua iliyokaidiwa ili apate cha kumshtaki Cecil. Sasa angeanza na mswada wenyewe. Wakili wa utetezi naye angekuwa na kazi ya kumweleza hakimu ni vipi igizo ambalo mwisho wake shoga anakatwa mapanga na wafanyakazi wake linaweza kumshawishi mtu yeyote awe kama yeye.